Naomba Kuwasilisha: Risala na Sanaa ya Kumbana Mgeni Rasmi

Kuna utanzu mmoja wa Kiswahili ambao karibu kila aliyesoma shule Tanzania ameusikia ukisomwa jukwaani, na ambao wahakiki wetu wameuacha kana kwamba haumhusu mtu. Ushairi una vitabu vyake vya uhakiki, riwaya ina vyake, hata taarabu na bongo fleva siku hizi zina wasomi wanaozipekua mstari kwa mstari. Risala imeachiwa mwalimu wa sekondari. Kwenye somo la Kiswahili imetiwa kapu moja na barua rasmi, hotuba na kumbukumbu za mikutano. Mwanafunzi anaambiwa iwe na kichwa, utangulizi, kiini na hitimisho, anaandika moja ya mahafali, anapewa alama zake, na habari inaishia hapo.

Risala inaonewa. Hayo ndiyo maandishi ambayo mwananchi wa kawaida huyatumia kumshawishi mtu mwenye uwezo kuliko yeye, hadharani, mbele ya mashahidi. Kikundi cha akiba na mikopo kinapozindua ofisi, shule inapofanya mahafali, wauguzi wanapoadhimisha siku yao kila Mei 12, wafanyakazi wanapokusanyika Mei Mosi, pote hapo kuna mtu atasimama na karatasi mkononi. Wapo wanaodhani kazi ya karatasi hiyo ni kumkaribisha mgeni. Kazi yake hasa ni kumbana: kumfikisha mahali ambapo atasimama baada yake, kipaza sauti mkononi, na asiweze kukwepa jambo moja lililotajwa. Adabu yote iliyomo, sifa, shukrani, "heshima na taadhima", imewekwa ili ubanaji huo usimvunjie heshima. Risala inayotimiza hilo ni kazi ya sanaa. Nyingi hazilitimizi, na sababu iko kwenye umbo lake.

Tuanze na jina la anayeambiwa. "Mheshimiwa mgeni rasmi." Risala ya kurasa mbili hulirudia mara saba, mara nane, kila aya inapoanza. Msikilizaji mgeni atadhani ni kujipendekeza, lakini lina kazi nyingine. Kwanza, risala huandikwa ili isikiwe, na masikio hayaoni aya. Jina likitajwa, umati unajua hoja moja imekwisha na nyingine inaanza. Hapo ndipo msomaji naye anapovuta pumzi. Pili, mgeni rasmi ana mambo mengi ya kumshughulisha pale meza kuu: simu, maji ya chupa, katibu tawala anayemnong'oneza. Kila anapotajwa anarudishwa kikaoni. Tatu, na hili ndilo kubwa, hoja iliyoanza kwa jina lake haiwezi baadaye kusemwa kwamba ilikuwa ya mtu mwingine.

Ubaya huja pale wito huo unapopoteza nafasi yake ya kuanzia aya na kuanza kujiingiza popote. "Shule yetu, mheshimiwa mgeni rasmi, ina upungufu mkubwa, mheshimiwa mgeni rasmi, wa matundu ya vyoo." Hapo jina halitenganishi tena hoja. Linachelewesha tu neno "vyoo", ambalo mwandishi analionea haya, na ambalo ndilo alilotumwa kulisema.

Kabla ya wito huo huja itifaki: mkuu wa wilaya, mkurugenzi mtendaji, diwani, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa dini, wazee, wageni waalikwa. Wasemaji waliochoka wamepata njia ya mkato, wanataja wawili watatu kisha wanasema "itifaki imezingatiwa". Sentensi hii ina ujanja wake. Imetendwa bila mtendaji, na inadai kwamba jambo limekwishafanyika wakati msemaji ameamua kutolifanya. Sina ugomvi nayo kwenye hotuba za harusi. Kwenye risala, hata hivyo, njia hiyo inapoteza kitu. Mgeni rasmi ataondoka saa nane mchana na msafara wake. Watakaobaki ni diwani, mtendaji wa kata, afisa maendeleo ya jamii, na hao ndio wenye mafaili. Mtu aliyetajwa kwa cheo chake mwanzoni mwa risala amefanywa shahidi wa yatakayofuata. Mwandishi mjanja hatumii itifaki kumaliza orodha. Anaitumia kuchagua mashahidi.

Sasa tuingie kwenye kiini, na hapa nitatunga mfano mwenyewe ili nisimwonee mtu. Tuseme ni kikundi cha kina mama wanaokausha dagaa ufukweni mwa Ziwa Victoria. Risala yao, kwa kawaida tuliyoizoea, itafika hapa:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, licha ya mafanikio hayo, kikundi chetu kinakabiliwa na changamoto mbalimbali zikiwemo ukosefu wa mtaji wa kutosha, ukosefu wa vitendea kazi vya kisasa, ubovu wa miundombinu, uhaba wa elimu ya ujasiriamali na ukosefu wa masoko ya uhakika. Hivyo basi, tunakuomba kwa heshima na taadhima utusaidie kutatua changamoto hizo."

Tafuta dagaa humo ndani. Hayumo. Aya hii inaweza kusomwa na waendesha bodaboda, wafuga nyuki au wasuka vikapu bila kubadilisha neno. Imejengwa kwa nomino za kutokuwapo, ukosefu, ubovu, uhaba, na nomino za aina hiyo hazina mtendaji, hazina siku wala mahali. Haijulikani nani anakosa nini, wala tangu lini, wala amepata hasara gani. Sentensi ya mwisho inamtupia mgeni mambo matano kwa mpigo kwa kitenzi kimoja, "utusaidie".

Jibu lake tunalijua kabla hajasimama. Atasema changamoto zenu nimezisikia, nimezipokea, serikali yenu sikivu inakwenda kuzifanyia kazi. Watu watapiga makofi, ngoma italia, na jioni wataanza kumlaumu kwamba hakusema kitu. Mimi simlaumu. Ameulizwa kwa jumla akajibu kwa jumla. Umbo la ombi ndilo lililozaa umbo la jibu. Hata angekuwa mkweli kuliko wote, asingekuwa na pa kushika.

Sasa soma hii, ya kina mama walewale:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, dagaa wetu tunawaanika mchangani. Siku ya jua wanakauka, lakini wanachukua mchanga, na mnunuzi akiung'ata anashusha bei. Siku ya mvua hawakauki. Wakikaa siku mbili wameharibika, tunawauza kwa watengeneza chakula cha kuku. Tumetengeneza vichanja 6 kwa fedha zetu. Dagaa wa kichanjani hawana mchanga, nao ndio wanaonunuliwa kwanza. Tunataka tufikishe vichanja 20. Mbao tunazo. Mafundi ni sisi wenyewe. Tunaomba nyavu na maturubai ya vichanja 14."

Kilichobadilika kwanza ni vitenzi: tunaanika, wanakauka, wanachukua, akiung'ata, anashusha. Kila kimoja kina mwenyewe, na kwa kuvifuata tu mtu ambaye hajawahi kufika mwaloni anaelewa biashara nzima, kutoka mchangani mpaka kwenye meno ya mnunuzi. Hilo neno "akiung'ata" linafanya kazi kubwa kuliko "masoko ya uhakika". Umaskini wa kikundi hautajwi popote. Unaonekana dagaa anapogeuka chakula cha kuku, na msikilizaji anaufikia mwenyewe bila kuombwa huruma.

Kisha tazama urefu wa sentensi. Zinaanza ndefu kiasi, wakati wa kueleza, halafu zinakatika: "Mbao tunazo. Mafundi ni sisi wenyewe." Msomaji atalazimika kutua mara mbili kabla ya ombi, na katika kutua huko umati utakuwa umenyamaza kusikia kinachofuata. Ombi lenyewe ni moja, lina idadi, na linaweza kujibiwa ndiyo au hapana. Zaidi ya hapo, afisa uvuvi aliyeketi mstari wa pili anaweza kupiga hesabu ya nyavu na maturubai papo hapo na kumpenyezea mgeni kikaratasi. Mgeni akisimama sasa na kusema tu kwamba amezipokea changamoto, kila mtu pale atasikia kwamba amekwepa. Hakuna aliyemkosea adabu. Umbo limembana.

Mfano huu unaeleza pia jambo ambalo vitabu vya shule hulitaja kama mpangilio tu: kwa nini mafanikio hutangulia matatizo. Kwenye risala mbovu mafanikio ni majigambo yanayotajwa ukurasa wa kwanza na kusahauliwa. Kazi yake halisi ni dhamana. Vile vichanja 6 vinamwambia mgeni kwamba fedha yake haitapotea, kwa sababu hawa wameshaanza bila yeye. Kwa hiyo mahali pake ni mlangoni kabisa pa ombi. Kuna desturi pia ya kufungua kwa historia: kikundi kilianzishwa mwaka fulani, kikiwa na wanachama kadhaa, wanaume wangapi, wanawake wangapi, kikasajiliwa tarehe fulani. Aya hiyo hunakiliwa kutoka kwenye katiba ya kikundi na mara nyingi haina kazi yoyote baadaye. Ningeikata bila huruma, isipokuwa idadi hiyo iwe inakuja kuhesabu kitu.

Upole wa lugha nao unahitaji kipimo. Tangu 2018 sheria ya Tanzania imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa 2023 ili utaratibu upangwe upya, ukaanza tena mwaka uliofuata. Sasa, kikundi cha wanawake kinaposimama na kusema "tunakuomba kwa unyenyekevu mkubwa utufikirie kimkopo", sentensi imekosea anwani. Inaomba hisani mahali penye utaratibu, na inampa mgeni nafasi ya kuonekana mkarimu kwa fedha ambayo si yake. Ningeiandika hivi: "Maombi yetu ya mkopo yalipokelewa ofisi ya maendeleo ya jamii mwezi Februari. Tunaomba kujua yamefikia wapi." Adabu iko palepale, "tunaomba" ipo. Ila kitenzi kinachofuata ni kujua, na kujua hakumgharimu mgeni shilingi hata moja, kwa hiyo hana sababu ya kukataa. Atageuka kumtazama mtendaji, na umati utageuka naye.

Risala kubwa kuliko zote nchini ni ile ya Mei Mosi, inayosomwa kwa niaba ya wafanyakazi na shirikisho lao, TUCTA, mbele ya Rais. Hapo unaweza kuhakiki risala na jibu lake kama kazi moja yenye wasemaji wawili, na hata kuifuata mwaka hadi mwaka. Mei 1, 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na wiki chache tu madarakani, aliwaambia wafanyakazi kwamba nyongeza ya mshahara mwaka huo haikuwezekana. Akashusha kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kutoka asilimia 9 hadi 8, na akaahidi kuwa mwaka unaofuata angekuja na la kusema. Mwaka ulipofika, Dodoma, uwanja mzima ulikuwa unangoja sentensi moja. Ikaja: "Lile jambo letu lipo."

Hebu tuitazame. Maneno manne, na hakuna hata moja linalotaja mshahara. "Lile" linaashiria kitu cha mbali kinachojulikana kwa wote wawili, msemaji na msikilizaji. Linarudi moja kwa moja Mwanza bila kuitaja Mwanza. "Letu" linamvusha msemaji kutoka upande wa mwajiri hadi upande wa waliosoma risala, kana kwamba dai ni la pamoja. "Lipo" ni kitenzi cha kuwapo tu: hakina kiasi wala tarehe. Ni sentensi ya mtu anayejibu risala kwa mbinu za risala, na ndiyo maana watu waliipokea kwa vifijo na kuigeuza msemo mtaani. Alifuatiza tahadhari kwamba haitakuwa kwa kiwango walichoomba. Takwimu ilikuja baadaye, Mei 14, 2022: kima cha chini kimepanda kwa asilimia 23.3.

Mishahara ya Julai ilipotoka, manung'uniko yakaanza. Asilimia 23.3 ilikuwa ya kima cha chini, lakini masikio ya wengi yalikuwa yameichukua kuwa ya kila mtumishi, na wa madaraja ya juu waliona nyongeza ndogo sana. Mhakiki wa fedha ataeleza upande wake. Mhakiki wa umbo anaona kwamba kauli iliyotukuza "letu" ilikuwa imemwacha kila mmoja ajaze kiasi chake moyoni. Linganisha na Mei 1, 2025, Singida: asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Hapo kuna kiasi cha mwanzo, kiasi cha mwisho na mwezi. Haina utamu wa "lile jambo letu", na hakuna aliyeichapisha kwenye fulana, lakini ndiyo kauli ambayo mtumishi wa ngazi ya chini aliweza kwenda nayo kwa mwenye nyumba.

Lipo jibu la aina ya tatu: kubadilisha wasikilizaji. Mei 3, 2010, TUCTA ikiwa imetishia mgomo na ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000, Rais Jakaya Kikwete aliwajibu wafanyakazi akizungumza na wazee wa mkoa wa Dar es Salaam. Wazee hawakuwa wameandika risala ya mshahara. Mbele yao dai halikuwa na mwenyewe wa kuitikia, na msemaji aliweza kulipima kama jambo la watu wasiokuwapo. Hilo peke yake linaonyesha nguvu ya risala iko wapi: iko kwenye kuwa pamoja mahali pamoja, aliyesoma na aliyesomewa, na watu katikati.

Tumsogelee msomaji. Mara nyingi aliyeandika siye anayesoma. Katibu huandika, mwenyekiti hupunguza makali, mwalimu hupanga nukta na mkato, kisha anatafutwa mwenye sauti. Shuleni huchaguliwa mwanafunzi, na si kwa bahati. Mtoto wa darasa la saba anaweza kumwambia waziri kwamba wanakaa wanne dawati moja, jambo ambalo mwalimu mkuu hawezi kulisema bila kuangalia nyuma yake. Karatasi inambeba: si yeye aliyesema, imeandikwa. Na haisemi "mimi" hata mara moja. Ni "sisi wanafunzi", "sisi wanachama", "sisi watumishi wa zahanati hii". Huyo "sisi" humkinga asiye na cheo, na kwa kuwa hana uso, hawezi kuitwa ofisini kesho yake.

Ila karatasi inayokinga ndiyo hiyohiyo inayoua sauti. Msomaji wa risala huogopa kuinua macho. Anasoma kwa mwendo mmoja, kichwa chini, tarakimu anazimeza, na ombi linapita likiwa na uzito uleule wa salamu. Wale wanaofundisha kuhutubia husema mtazame msikilizaji machoni. Kwa risala ushauri huo hautoshi, kwa sababu mtoto wa watu hatamkazia macho mkuu wa mkoa na wala haitakiwi. Kinachowezekana ni kuiandika karatasi yenyewe kwa ajili ya sauti: idadi iandikwe kwa maneno pembeni ili asikwame, ombi lianze mstari mpya, na lisiwe chini kabisa ya ukurasa ambapo msomaji anahangaika kufunua. Wapo waalimu wanaochora kistari cha wino mwekundu mahali pa kutua. Hao ndio wahakiki wa kweli wa utanzu huu.

Yale ambayo hata mtoto hawezi kuyasoma kwenye risala hupelekwa kwenye ngonjera, ambayo kwenye ratiba huja kabla yake au baada yake. Mathias Mnyampala ndiye aliyeisimamisha ngonjera kama tunavyoijua, majibizano ya kishairi ya jukwaani, na vitabu vyake vya *Ngonjera za UKUTA* vilitoka 1970 na 1971, baada ya yeye kufariki. Kwenye ngonjera mwizi wa dawa anapewa mhusika, anajitetea, anashindwa, na watu wanacheka. Risala inayofuata inasema kwa upole kwamba kuna upungufu wa dawa. Mgeni ameshaelewa.

Kenya wana njia yao, na inafaa kutajwa kwa sababu inageuza mambo juu chini. Kwenye harambee, neno ambalo Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa wakati wa uhuru, anayebanwa si mmoja. Majina husomwa na kiasi chake: fulani na marafiki zake, shilingi kadha. Ushawishi haumo kwenye hoja. Umo kwenye orodha, na hasa kwenye kimya kinachofuata mtu tajiri akitajwa na kiasi kidogo. Hapo ahadi ikitamkwa imeshakuwa deni mbele ya kijiji kizima. Umbo hilo lina nguvu kiasi kwamba Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilibidi iwakataze maafisa kutumia cheo au mahali pa kazi kuomba au kukusanya michango. Risala haijawahi kuhitaji sheria ya kuizuia, na sidhani kwamba hiyo ni sifa.

Narudi kwenye sentensi, maana naona hapo ndipo waandishi wa risala wangeweza kujifunza haraka zaidi. Novemba 2, 1978, Julius Nyerere aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba nchi ingepigana na Idi Amin. Kila mtu anakumbuka mambo matatu aliyotaja, uwezo, sababu na nia. Wachache wanazingatia namna alivyoyapanga. Katika kila kipande alitanguliza kitu na kuacha kitenzi mwisho, "tunao", "tunayo". Kiswahili kinaruhusu kusema "tunao uwezo", na habari ingekuwa ileile. Lakini kitu kikitangulia, msikilizaji anangoja kuambiwa kimekuwaje, na kitenzi kinapomfikia kinafunga mlango. Upatanisho wa ngeli unafanya vina bila mshairi kuvitafuta. Ndiyo maana niliandika "Mbao tunazo" kwenye ule mfano wa dagaa na si "Tunazo mbao".

Risala zetu nyingi hufanya kinyume. Zinaanza na kitenzi kizito na kukiburutia mkia: "tunapenda kuchukua fursa hii adhimu kukushukuru wewe binafsi pamoja na ofisi yako kwa namna ya pekee kabisa kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo". Kufikia "uliyonayo", msomaji hana pumzi na shukrani imepoa. "Umekuja. Tunashukuru" ingetosha, na ingemshangaza mgeni hata akaweka simu chini.

Baada ya "naomba kuwasilisha", msomaji hupiga hatua hadi meza kuu, anapinda goti kidogo, anaikabidhi nakala kwa mikono miwili. Msaidizi anaipokea na kuitia kwenye faili. Kuanzia hapo risala inakuwa barua kama barua nyingine, na vitabu vya shule vinaichukulia kwamba imekwisha. Hapa ndipo naona umbo tulilorithi lina pengo kubwa. Mkuu wa wilaya huhamishwa. Mgeni rasmi wa mwakani atakuwa mwingine, naye ataambiwa upya kwamba kuna changamoto mbalimbali. Kinachobaki ni kikundi na nakala yake, na nakala hiyo karibu haitumiki kamwe. Wafanyakazi wa Mei Mosi wana nafuu kwa kuwa siku yao hurudi na aliyeahidi anakumbukwa kwa mwaka na kwa mji. Kikundi cha ufukweni kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa kubadilisha aya ya kwanza tu. Badala ya historia ya kuanzishwa, ianze na jibu la mwaka uliopita:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, mwaka jana, siku kama ya leo, tuliomba nyavu na maturubai ya vichanja 14. Tulipewa ya vichanja 8. Tunashukuru, na vyote 8 vinafanya kazi; viko kushoto kwako, dagaa wa leo asubuhi wako juu yake. Mheshimiwa diwani alikuwepo. Leo tumekuja kwa ajili ya 6 vilivyobaki."